Shahidi wa Kuazima

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mlabani, pamoja na mbu wao, kwamba Mheshimiwa Anselim, mstaafu wa kukamata mbu wa utafiti kule Namawala, baada ya miaka saba ya kukagua nyumba zinazouzwa, hatimaye amepata ya kununua. Bendera zipepee.

Miaka ishirini na sita ya kazi mzee huyu aliingia vyumbani mwa wenzake na tochi, akihesabu mbu ukutani. Paa linalovuja alilijua kwa kulinusa. Mwenyewe alipanga chumba kimoja hapa Ifakara, akala wali wa jana huku redio ikimjibu.

Nyumba ya Brigitha, mjane anayehamia kwa bintiye Songea, aliikagua mara tatu. Kwanza kiangazi, msimu ambao kila nyumba ya bonde hili ni nzuri. Kisha Aprili, kavaa gamboti, aone maji yanaishia wapi. Mara ya tatu akahoji majirani juu ya mipaka na mtaro wa maji, akapita ofisi ya mtaa kuuliza kama kuna mgogoro, na akataka watoto wote wa marehemu waandike kwamba wamekubali.

"Mzee wangu, kesho anakuja tajiri kutoka Morogoro, hela mkononi," dalali alimtisha.

"Anakuja na gamboti?"

"Za nini?"

"Basi huyo bado hajaja."

Siku ya kuandikishana, Brigitha alifika ofisi ya mtaa na mashahidi wanane, wawili wakiwa wamefuata soda tu. Mwenyekiti akageukia benchi la pili. Alikaa Anselim na bahasha yake.

"Mashahidi wako, mzee?"

Anselim akafungua bahasha. Mlikuwa na mchoro wa kiwanja, nakala za vitambulisho, hata picha za ukuta wakati wa mafuriko. Mtu hakuwemo.

"Ndugu? Rafiki?"

"Hilo sikulikagua."

Bila shahidi wa mnunuzi hakuna mkataba, na Brigitha anapanda basi alfajiri. Tajiri wa Morogoro naye, inasemekana, keshanunua gamboti.

Mwenyekiti akajikuna sikio kwa kalamu. "Mama Brigitha, una wanane. Si umpunguzie mmoja?"

Wanane wakatazama chupa zao. Mwishowe Zena, mwenye duka linalotazamana na nyumba ile, akabeba soda yake akahamia benchi la Anselim.

"Nikuandike nani wake?"

"Huyu? Kanihoji mara tatu kuhusu mtaro. Mume wangu hajawahi kuniuliza maswali mengi hivyo tangu anioe. Andika jirani."

"Hajahamia bado."

"Wewe andika."

Anselim aliliangalia neno lile mpaka wino ukakauka. Akasaini, akapokea funguo, akazijaribu mfukoni kama zinakaa.

Nje, Zena akampa mkono. "Hongera, mwenye nyumba. Vyumba vitatu, na uko peke yako. Utavifanyia nini?"

"Kimoja nitalala," alisema Anselim. "Viwili nitafagia."