Maji ya Zamu

Hoteli ya watalii hapa Same ikimwagilia bustani, harufu ya udongo mbichi hunikuta bombani na ndoo tupu. Mjukuu wangu kaajiriwa humo, tunakula kwa jasho lake, kwa hiyo nasonya tu.

Utotoni kule kijijini Mamba, milimani, kila jioni tuliziba kwa tope na magome ya migomba tundu la ndiva, bwawa letu la kumwagilia kwa zamu, ili lijae usiku. Siku moja niliogelea humo, kizibo kikabomoka, maji ya zamu ya jirani yakapotea. Bibi alinitoa kwa sikio.

"Unaoga kwenye chungu cha mwenzio?"

Akampa jirani zamu yetu, tangawizi yetu ikanyauka.

Jana mjukuu alirudi akicheka.

"Babu, wageni wanalalamika, eti maji ya bwawa la kuogelea ni baridi mno."

Nikamwomba anichotee kesho yake ndoo moja ya maji hayo.