Somo la Kuomba kwa Adabu

Jumatatu ile nilifundisha somo la Kiingereza la kuomba kwa adabu. Tulisomea katika ukumbi wa kanisa, kwenye mji mdogo wa Kongo kando ya Ziwa Mweru, jirani kabisa na mpaka wa Zambia. Mimi naitwa Tuse, Mndali wa Ikinga, milimani Ileje, Tanzania. Kongo nilifika kwa kuolewa na Kabwe, Mkongo aliyekuwa akija Tunduma kununua vitenge. Alinikuta nikiwafundisha Kiingereza makarani wa mpakani, akajiandikisha darasani kwangu, na hakuwahi kufanya zoezi hata moja.

Wanafunzi wangu wa Mweru walikuwa watu wazima, wachuuzi wa samaki na chumvi waliotaka kuuza Zambia. Vitabu vya shule havikuwafaa. Vilijaa theluji, treni, na bibi mmoja aliyepoteza mwavuli. Nikaandika cha kwangu. Sentensi nilizitoa sokoni kwao, tukazichapa kwa mashine ya kurudufu ya kanisa, iliyotuachia vidole vyeusi wiki nzima. Kabwe alichora picha. Samaki wake wote walifanana na viatu.

Mama Ngosa, muuza samaki aliyenizidi umri kwa miaka ishirini hivi, aliandika vizuri kuliko wote ila hakusema. Ukimuuliza, anaziba mdomo kwa kitenge.

"Madamu, nitasema siku nikikomaa," aliniambia siku hiyo.

"Utakomaa lini, mama?"

"Mungu ndiye anajua."

Darasa zima likacheka, naye akacheka zaidi ya wote. Mpaka leo nikiwa peke yangu huwa nakisikia kicheko kile.

Habari za vita tulikuwa tumezisikia muda mrefu, siku zote vikiwa mahali pengine. Alhamisi ya wiki ile wanajeshi wa serikali walipita mtaani kwetu wakirudi nyuma, wengine bila viatu. Mchana mizinga ikaanza kulia.

Kabwe alinifunga mtoto mgongoni. Neema wetu alikuwa na miaka miwili. Mama yake Kabwe aliishi juu ya mji, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi.

"Tangulieni. Namchukua mama, nawafuata."

"Twende wote."

"Tuse, nenda."

Akakimbia kuelekea kule kulikokuwa kunalia.

Nilipita ukumbini kwetu. Paa halikuwepo.

Karatasi za masomo zilitapakaa barabarani. Watu walizikanyaga. Nami nilizikanyaga.

Mpakani tulikuta askari wa Zambia wameziba njia kwa kamba. Katikati yetu walikuwemo wanajeshi waliokimbia na bunduki zao, na Wazambia waliogopa. Askari wadogo walisema Kibemba, lakini mkubwa wao alikuwa mtu wa kusini mwa nchi yao, hakukijua, na alitaka kusikia mwenyewe. Alipaza sauti kwa Kiingereza: nani anaweza kueleza hawa ni akina nani?

Watu waliokuwa wakinijua waligeuka kunitazama. Nilifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Tangu nimwache Kabwe nilikuwa sijatamka neno, na sikujua kwamba sauti imekwenda.

Mizinga ilikuwa inasogea.

Mama Ngosa akanipita. Alisimama mbele ya yule mkubwa, akashusha kitenge mdomoni, akasema kwa Kiingereza, taratibu, kama anayesoma ubaoni:

"Samahani, bwana. Naomba msaada wako. Hawa ni wanawake na watoto. Wenye bunduki wataziweka chini. Tafadhali, tunaomba kupita."

Alikosea kitenzi kimoja.

Yule mkubwa aliwageukia askari wake. Kisha akaamuru bunduki zirundikwe kando, na kamba ikashushwa.

Mama Ngosa alibaki kambini. Mimi na Neema tuliomba lifti za malori mpaka Nakonde, tukavuka kuingia Tunduma. Sauti ilirudi njiani, kidogo kidogo. Nilipanga chumba karibu na barabara ya malori nikasubiri. Huku nasubiri, nikaanza kufundisha tena: mawakala wa forodha, wasichana wa maduka ya simu, wafugaji kutoka bonde la Momba waliouza ng'ombe kwa Wazambia. Kitabu nilikiandika upya kwa kichwa. Mahali pa picha niliacha wazi.

Mwaka wa sita Mama Ngosa alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa amezeeka. Alikataa chai kwanza.

"Madamu, nimerudi nyumbani, nimeona. Walikutwa barabarani, yeye na mama yake akiwa mgongoni. Waliobaki waliwazika nyuma ya kanisa. Kaburi nimelipalilia mwenyewe."

"Walikuwa mbali na mpaka?"

Aliinua kitenge mdomoni.

"Si mbali."

Miaka sita nilikuwa mke wa mtu aliyechelewa. Siku ile nikawa mjane, na nakiri kwamba usiku wake nililala usingizi mzito.

Nimejaribu kupima nilichopoteza. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Vyombo hununuliwa. Darasa nimepata jingine, na Neema sasa ni mkubwa kunizidi kimo. Lakini Kabwe alijifunza Kindali ili amsalimie baba yangu, akakiharibu vibaya, kisha akaendelea kukisema hivyohivyo hata tukiwa wawili tu. Tunduma ina Wandali wengi. Wote wanakisema sawasawa.