Kiganja cha Wifi na Pasi ya Mkaa

Mke wa kaka yangu ana maneno huyo, msimwone vile! Tunakaa jirani hapa Kwai, mimi nyumba ya juu, yeye ya chini karibu na banda. Ng'ombe anakamua yeye. Kaka akisogea tu, anapigwa teke. Mimi ndio kabisa, nikishika chuchu maziwa yanagoma.

Jumamosi moja, ukungu mpaka mlangoni, wifi alikuwa anapiga pasi kitenge cha sare ya kina mama wa kanisani. Pasi ya mkaa. Ikateleza, inaangukia kitenge. Mtu mwingine angeruka pembeni. Yeye akaidaka! Kwa kiganja cha kulia, tena upande wa chuma cha chini.

"Kitenge kimepona?" Ndilo neno lake la kwanza.

Nikamburuta mpaka bombani, maji yakatiririka juu ya mkono muda mrefu tu. Jirani akaja mbio na yai ampake ute, kama tulivyozoea huku.

"Yai kalikaange," nikamwambia. "Mjukuu wangu alipomwagikiwa uji tulimpaka hilohilo. Nesi alivyokuwa analibandua, mtoto analia, alitusema sisi!"

Nikamwambia wifi avue pete kabla kidole hakijavimba.

"Ee! Unaniachisha kwa kaka yako?"

"Nani mwingine atakuchukua na mdomo huo? Vua!"

Akavua. Kwenye vidole palikuwa pekundu, malengelenge yanaanza, na hapo ndipo alipolalamikia. Katikati ya kiganja palikuwa peupe, pakavu kama ganda la kitunguu saumu.

"Hapo katikati hapaumi, si kitu," akasema, macho yako kwenye kitenge. "Kesho kanisani, jioni nakamua."

"Ngoja nipaguse."

"Gusa basi."

"Nimeshagusa, wifi."

Jamani, kicheko kikaniishia. Nikaufunika mkono kwa kanga safi bila kukaza, nikaita bodaboda.

Pale zahanati nesi, binti mdogo, akatuamkia shikamoo vizuri, halafu akapita malengelenge akainamia pale peupe.

"Bibi, panapouma pana nafuu. Hapa pameungua mpaka chini, ndiyo maana hapasikii. Na kiganja, au uso, au kwenye viungo, hata jeraha likiwa dogo mnakuja siku hiyohiyo. Mkiliacha nyumbani, vidole vinajikunja havinyooki tena."

Akatuandikia tuteremke hospitali, Lushoto mjini.

Njiani wifi akaniuliza, "Nisipoweza kukamua tena?" Nilimshika bega tu.

Walimtibu wakamlaza, baadaye wakachukua ngozi ya paja wakaipandikiza kiganjani. Akarudi na kazi ya kukunja na kunyoosha vidole kila siku, analia huku anavitukana kimoja kimoja. Muda wote huo nilikamua mimi, na kaka akazoea chai ya rangi.

Asubuhi moja nimekaa kwenye kigoda nahangaika, wifi akaja akanisukuma kwa kiuno. Akashika chuchu. Kidole cha mwisho hakikunjiki sawasawa mpaka leo, lakini maziwa yalilia ndani ya ndoo, tsiii, tsiii.

"Kaa pembeni," akasema. "Umemtekenya mnyama wa watu vya kutosha."