Shamba Lililokatazwa Kuombewa

Baba yangu alifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari ya Butembo, mashariki mwa Kongo, na alikuwa ameacha kwenda misa. Hakuacha kimyakimya kama wanaume wengine, wale wanaosingizia mgongo. Alitangaza. Alisema vita vimempa ushahidi wa kutosha: pande zote zinaomba, pande zote zinapiga risasi, na anayesikiliza hajulikani yuko wapi. Mama, mwimbaji wa kwaya ya parokia, aliumia sana. Kila Jumapili alimwita baba bure, kisha akatembea peke yake kati ya wanawake walioandamana na waume zao.

Kwetu, kabla ya kupanda, watu hupeleka mbegu kanisani zibarikiwe. Msimu ule mama alikuwa anafunga maharagi yake ndani ya kitenge baba alipomzuia.

"Peleka nusu," akasema. "Ingine ibaki. Tutapanda ku shamba moja, siku moja, halafu tutapima mavuno. Kitu chenye kinafanya kazi kinaacha alama. Kama Mungu eko, mizani itaonesha."

"Na kama anakataa kupimwa?" mama akauliza. "Wewe mwenyewe, bandugu yangu walikuuliza tu maswali mbele ya ndoa, ukavimba juma muzima."

Lakini walipatana. Nusu iliyobarikiwa ikishinda, baba angerudi misani. Isiposhinda, mama asingemwita tena Jumapili. Mama alikubali kwa shingo upande. Alikuwa anampandisha Mungu wake kwenye mizani ya sokoni, mizani ambayo mtaa mzima uliijua kwa udanganyifu.

Baba akagawa shamba letu la kilimani kwa kamba, kulia na kushoto, kwa sababu juu na chini kungependelea upande unaopokea maji. Kulia yalipandwa maharagi yaliyobarikiwa. Kushoto, yale ambayo hayakuona padri. Katika mambo ya namna hiyo baba alikuwa mwangalifu kuliko daktari.

Butembo haifichi kitu. Jirani yetu, mama mmoja Mprotestanti, aliposikia kwamba kuna maharagi yasiyo na mwombezi, alihuzunika. Kisha akafurahi. Wakatoliki wameshika kulia, kushoto hakuna mwenyewe! Asubuhi moja tulimkuta na wenzake wamepiga magoti kati ya matuta yetu, wanauombea upande wa kushoto kwa bidii ambayo sijaiona hata mbele ya mgonjwa.

"Mama, hapana ombea pale!" baba akapiga kelele. "Munaharibu expérience, jaribio yangu yote!"

"Mwalimu, mukristo anaweza pita mbele ya maharagi yatima, anyamaze?"

"Basi ombea ile ya kulia!"

"Ile ya kulia ni ya Bakatoliki."

Tangu siku ile baba alilinda shamba. Wengine walilinda mazao yao dhidi ya mbuzi na askari. Baba yangu aliyalinda dhidi ya sala. Hata nyanya yangu, mama yake mzazi, alipopita pale akamtaja Nyamuhanga, jina ambalo wazee wetu humwita Mungu, baba alimsihi kwa adabu: "Mama, tafadhali, umutaje ukifika ku barabara."

Maganda yalipokuwa yanaanza kukauka, tulikuwa shambani sote watatu risasi zilipolia upande wa barabara ya Kirumba. Zilikaribia upesi. Tukajilaza palepale, mashavu kwenye udongo, mimi katikati ya wazazi wangu. Majani yalikatika juu yetu. Ndipo nikasikia sauti ya baba. Hakuwa anaeleza mwendo wa risasi, ingawa aliujua vizuri.

"Nyamuhanga, shika huyu mutoto. Nyamuhanga, shika huyu mutoto."

Alirudia bila kupumua. Mama akanyoosha mkono juu ya mgongo wangu, akamfunika mdomo.

"Nyamaza," akanong'ona. "Tuko ku kushoto. Uko unaharibu expérience."

Mwili wa mama ulikuwa unatikisika. Alikuwa anacheka, na machozi yake yalinidondokea shingoni. Sijawahi kuwapenda wazazi wangu kama nilivyowapenda pale chini.

Tukakimbilia kwa ndugu kijijini. Tuliporudi, askari walikuwa wameshavuna shamba lote, kulia na kushoto, na kupika kila kitu pamoja. Baba, bila aibu yoyote, alikwenda kumuuliza mmoja wao kama angalau walipima kila upande peke yake.

"Mwalimu," askari akamjibu kwa Kilingala, "madesu eza kaka madesu." Maharagi ni maharagi tu.

Nyumbani baba akatangaza kwamba jaribio limeharibika na jibu halipo.

"Nani aliliharibu?" mama akauliza.

"Baprotestanti," akasema baba, akiangalia ukuta.

Nikapandwa na hasira. Nilifungua mdomo nimkumbushe, mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jumapili iliyofuata mama alivaa kitenge cha kwaya na kutoka mapema. Hakuna upande ulioshinda, kwa hiyo hakutaka kumsumbua baba. Alipita mlango wa chumba taratibu, bila kumwita. Mimi nilichungulia ndani. Baba alikuwa amekaa kitandani, amevaa shati lake jeupe na viatu, anangoja kuitwa.