Folda Zilizomkana Millicent

Mashine ya kuchapa breli hupiga kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati. Sisi majirani wa Millicent Adhiambo hapa Donholm tumeizoea. Ikinyamaza, ndipo tunapoulizana kuna nini. Mwaka jana ilinyamaza siku nne mfululizo, nikaenda kubisha mlangoni kwake.

"Ingia, Mama Shiru," aliniambia kabla sijafungua kinywa. Ananijua kwa mwendo wangu.

Zamani Millicent alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja karibu na mahakama za Makadara. Presha ya macho ilimpofusha akiwa na miaka thelathini na mmoja. Watu wa kwao walimtaka arudi nyumbani akapumzike. Akawaambia vidole vyake bado vinaona. Alijifunza breli, akajifunza kutumia kompyuta inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, na tangu hapo anawageuzia wanafunzi wasioona vitabu vyao vya masomo viwe vya breli, kwa mashine inayopokea kazi kutoka kwenye kompyuta hiyo.

Siku hiyo nilimkuta na Ngigi, fundi wa makamo mwenye kibanda kule Baba Dogo. Umeme ulikuwa umepotea na kurudi kwa kishindo, kompyuta ikagoma kuwaka. Ngigi alikuwa ameweka upya mfumo wa kuiendesha bila kufuta kazi za mwenyewe, na sasa iliwaka vizuri. Lakini kila Millicent alipojaribu kufungua folda ya vitabu, ile sauti ilimjibu kwamba hana ruhusa.

"Kitabu cha Nurto kimo humo," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. Nurto ni binti wa Eastleigh asiyeona, anayesomea sheria. Mtihani wake ulikuwa umebakiza siku tisa. Millicent alikuwa ameandika kurasa mia nne.

"Mama Odera, hii ni kitu ndogo," Ngigi akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Napea kila mtu ruhusa kwa diski yote, tumalize."

"Diski yote? Hata mafaili ya mfumo wenyewe?"

"Zote."

"Hapana, Ngigi. Ukiyavuruga hayo, kesho haitawaka tena. Kwanza nataka kujua folda hii imeandikishwa kwa nani."

Alivaa vipokea sauti, akaanza kubonyeza. Mimi niliyekuwa nikiona skrini sikuelewa chochote. Yeye asiyeiona alipita humo kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Mara akasimama.

"Mmiliki hana jina. Kuna namba ndefu tu." Alifikiri kidogo. "Uliponifungulia akaunti mpya, uliipa jina gani?"

"Millicent. Kama ile ya kwanza."

"Basi ndiyo hiyo! Kule kwa wakili nilichapa kesi ya akina Peter Thuo wawili. Jina moja, vitambulisho viwili. Kompyuta haiangalii jina, inaangalia namba. Millicent wa kwanza ameondoka na mfumo wa zamani. Mimi kwa folda hizi ni mgeni."

Ngigi alikuna kichwa. "Miaka yote hii ya ufundi, sijawahi kuifikiria hivyo."

Hakukimbilia folda nzima. Alichagua faili moja isiyo na thamani, orodha ya nyimbo za kanisani, akaihamishia umiliki wa akaunti mpya, kisha akaipa akaunti hiyo ruhusa ya kusoma na kuandika. Ikafunguka. Ndipo akafanya vivyo hivyo kwa folda ya vitabu, akaingia ndani na kukagua moja moja: biolojia, historia, fasihi. Zote zikafunguka.

Folda ya Nurto ikakataa.

Alibonyeza tena, ikakataa tena. Ngigi akatazama sakafu. Millicent akakagua ruhusa za folda hiyo, kisha akacheka peke yake.

"Ni mimi! Kuna mgeni aliwahi kunifutia kurasa kumi na moja humu akitafuta muziki. Nikaifungia hii folda peke yake, isipokee ruhusa kutoka kwa folda iliyo juu yake. Nilimfungia nje kila mtu, na sasa nimo miongoni mwao."

Akaifanyia kazi kwa upole: umiliki kwanza, ruhusa baadaye, kisha akaagiza ruhusa hiyo ishuke hadi kwenye kila faili iliyomo. Akavua vipokea sauti ili nasi tusikie. Sauti ikaanza kusoma: "Sura ya kwanza. Mkataba ni makubaliano..." Ngigi alipiga makofi kama mtu aliye uwanjani. Millicent hakusherehekea mpaka aliponakili kila kitu kwenye flash mbili, moja akanipa mimi nimwekee.

Mchana huo mvua ya mawe ikarudi ukutani kwangu, na sikuwahi kuifurahia hivyo.

Siku ya nne baada ya hapo Nurto alikuja na kaka yake Abdiqadir, maana kitabu kimoja kikichapwa kwa breli huwa majuzuu tisa makubwa. Abdiqadir alianza kuyabeba, lakini Nurto alichukua la kwanza, akaketi kizingitini na kupitisha vidole ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikichezacheza.

"Anti," akasema hatimaye, "kuna kingine cha muhula ujao. Ni kinene kuliko hiki."

"Kilete tu," Millicent akamjibu, akaenda kuweka chai jikoni.