Santuri ya Mama

Juzi huko Keshero nilisikia santuri ya zamani ikipigwa dukani, na ule mkwaruzo wa sindano ukanirudisha nyumbani kwetu Mabanga, wakati wa vita.

Papa alikuwa na mashine ya kuchonga santuri. Mama alipotaka kwenda Rutshuru kumtafuta mama yake, bibi niliyemwita koko, ambaye hatukujua amekimbilia wapi, papa alimketisha kwanza mbele ya maikrofoni ili aichonge sauti yake. Sindano ilichimba santuri tupu, nyuzi nyeusi zikajikunja, chumba kikanuka plastiki ya moto.

"Mutoto wangu, usilie," mama alisema. "Niko naenda kutafuta koko. Nitarudi."

Hakurudi. Kila siku nikitoka masomoni papa aliniwekea santuri ile, nami nikaisikiliza nikiwa nimeegemea goti lake. Kisha alasiri moja, mvua ikipiga mabati, nilimkuta anaifunga ndani ya kitenge.

"Papa, weka mama aseme."

"Hapana."

"Mara moja tu!"

"Nimesema hapana, mutoto." Akaiweka juu ya kabati, mahali nisipoweza kufikia.

Nilidhani amechoka kumngoja mama. Nilikaa muda mrefu bila kumsemesha.

Leo najua kwamba santuri ya kuchongwa nyumbani ni laini, na sindano huila kidogo kila inapopita. Papa alikuwa amesikia sauti ya mama ikianza kufifia, akashindwa kuniambia. Tuliishi nyumba moja tukimngoja mtu mmoja, kila mmoja peke yake.