Mti Ndani ya Gari

Wiki jana, baada ya kumzika baba, niliona kule Naviundu, kwenye rundo la vyuma vikuukuu, ule ufito wa chuma wenye vinundu unaosukuma vali za injini. Harufu ya petroli ya uani kwetu ikanirudia.

Mchana mmoja, nilipokuwa bado mtoto, mama alikuwa amevaa tayari kwenda Kambove kumwona bibi aliyekuwa mgonjwa sana. Baba alikuwa ameinamia injini ya gari letu tangu asubuhi ili ampeleke.

“Kidogo tu, mama Kabwe. Arbre ilikufa, niko natia ingine.”

Shuleni tulifundishwa kwamba *arbre* ni mti. Nikaleta maji ya kuumwagilia.

“Toka hapa na maji yako!” baba alifoka.

“Umuache mutoto,” mama alisema. “Muti yako itazaa matunda na mimi sijafika Kambove.”

Sasa najua arbre ya baba ilikuwa ule ufito wa injini, na chuma hakinywi maji.

Baba aliwasha gari, likakohoa, likazimika. Alikuwa amekosea kulinganisha meno ya gia za injini, akaanza kufungua upya. Mama alijitwika kikapu, akaenda stesheni kwa miguu.

Jioni injini ilinguruma vizuri. Tulikimbiza gari hadi stesheni, lakini treni ilikuwa imeshaondoka na mama. Tuliporudi nyumbani baba alizima gari, akabaki ndani, mikono kwenye usukani.